Chama cha Likoni chataka kwenda Komoro: waende kisiwa gani, walale wapi?

Swali: Sisi ni chama cha akina mama 12 wa Likoni. Tumeweka akiba ya safari ya nje ya nchi. Wengi wanataka Dubai, lakini mimi nasimamia Visiwa vya Komoro. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, na tangu utotoni nasikia habari za kasa wanaopanda ufuoni kutaga na arusi zinazokwenda siku nyingi. Tumeambiwa hoteli ni chache na usafiri una tabu. Je, safari inafaa? Twende kisiwa gani? Na tufanyeje tusije tukawa kama wageni tunaowalalamikia hapa kwetu, wanaokanyaga matumbawe na kuwapiga picha wazee wetu bila ruhusa? (Mwalimu, Likoni)

Jibu: Mwalimu, safari inafaa, na katika ubishi wenu wa Dubai mimi niko upande wako. Lakini wengi wanaotoka hapa Mombasa kwenda Komoro hukaa Moroni siku zote, wakazunguka sokoni, wakala kwa jamaa, wakarudi. Ushauri wangu ni huu: siku zenu nyingi zipeni Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, na mkiwa huko mlale katika vibanda vinavyoendeshwa na vijiji vyenyewe. Huko wanavijiji ndio walioamua kuwalinda kasa, na senti ya mgeni anayelala kwao ndiyo inayowawezesha kuendelea kukesha ufuoni. Hilo likieleweka, swali lako la tabia za wageni limeshajibiwa nusu yake, kwa sababu mtakuwa mnafuata amri za wenyeji wa mahali.

Kwanza tujue ramani. Visiwa ni vinne, lakini nchi iliyopata uhuru tarehe 6 Julai 1975 inatawala vitatu: Ngazija, ambako ndiko Moroni, mji mkuu; Nzwani; na Mwali. Cha nne, Maore (Mayotte), kilibaki mikononi mwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili, ingawa Komoro haijaacha kukidai. Maore kitoeni kwenye mipango. Kinataka viza ya Kifaransa, na mtu yeyote akiwaambia kuna boti ya usiku kutoka Nzwani, msimsikilize. Mkondo ule umezamisha watu wengi mno, wakiwemo akina mama na watoto wachanga.

Sasa kasa. Kijiji chenu ni Itsamia, kusini-mashariki mwa Mwali. Fukwe zake ni miongoni mwa mahali pakubwa pa kutagia kasa uziwa katika upande huu wa Bahari ya Hindi, na wanapanda mwaka mzima. Zamani wawindaji walikuwa wakija kwa boti kuwachinja ufuoni usiku. Tangu miaka ya 1990 vijana wa Itsamia wameungana katika chama chao, wanalinda fukwe, wanahesabu nyayo za kasa asubuhi na kuwaongoza wageni. Mwaka 2001 pwani ya kusini ya Mwali ikatangazwa hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini Komoro, kwa makubaliano na vijiji 10 kuhusu nini kivuliwe, wapi na kwa zana gani. Baadaye hifadhi ilipanuliwa hadi nchi kavu, na mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa cha Mwali katika orodha yake ya hifadhi za viumbe na binadamu.

Niwaeleze kinachotokea usiku ule, maana mkikijua mapema hamtahitaji kukaripiwa. Kasa jike hutoka maji yanapojaa, ili mwamba usimzuie njia. Mara nyingi mtasikia pumzi yake kabla ya kumwona: hujikokota hatua chache, anatua, anavuta pumzi ndefu, anaendelea. Akiwa bado anapanda, ni mwoga wa ajabu. Mwanga wa simu, mtu kusimama ghafla, kicheko, lolote katika hayo latosha kumrudisha baharini na mayai yake tumboni. Ndiyo maana mlinzi atawakalisha mbali, gizani, kimya, na huenda mkakaa hivyo saa nzima au mbili. Huo ndio wakati wageni wengi hukasirika wakidhani wamedanganywa. Kaeni.

Akishapita alama ya maji makuu, hufukua kwa mapezi ya mbele mpaka mwili mzima unalala ndani ya shimo. Kisha mapezi ya nyuma huanza kazi, moja baada ya lingine. Pezi hujikunja kama kiganja, likateka mchanga, likauinua taratibu na kuumwaga pembeni bila kuangusha punje, na haoni anachokifanya, kwa kuwa yote hayo yako nyuma yake. Anapata kisima chembamba cha kina cha mkono. Akianza kutaga ndipo mlinzi atakapowaita, wachache wachache, mje kwa nyuma yake mkiwa mmechutama. Mayai huteremka mawili matatu kwa pamoja, meupe, ya mviringo, yenye ganda laini, mpaka yapite 100. Macho yake yatakuwa yakitoka majimaji mazito. Wengi husema analia. Ni tezi inayotoa chumvi ya maji ya bahari anayokunywa, na hata huko baharini hufanya hivyo hivyo.

Taa nyeupe msiwashe kabisa, wala simu yenye mwanga wa picha. Mlinzi ana tochi ya mwanga mwekundu, na hiyo inatosha. Mkiwa 12, ombeni mgawanywe vikundi viwili kwa usiku tofauti, kwani watu 12 kuzunguka mnyama mmoja ni wengi mno. Vifaranga wakianguliwa, baada ya miezi miwili hivi, hufuata upeo unaong'aa zaidi, ambao kwa maumbile ni bahari. Taa ya nyumba ikiwaka nyuma ya ufuo huwavuta upande wa nchi kavu, na asubuhi kunguru na kaa wanawamaliza. Mkibahatika kuwaona wakitoka, msiwabebe. Mwachieni mlinzi aamue.

Nimelirefusha hili kwa sababu ndilo linaloonyesha thamani ya kulala kijijini. Kasa uziwa huchukua miaka 20, hata 30 na zaidi, kabla ya kutaga mara ya kwanza. Jike mmoja akichinjwa leo, pengo lake halizibwi na watoto waliozaliwa mwaka huu, wala wa mwaka ujao. Kinachomkinga ni mtu aliyekesha ufuoni, na mtu huyo ana watoto wanaotaka karo. Basi kitanda, samaki wa kupaka, ada ya kuongozwa, vyote mlipie hapo hapo kijijini, wala msipunguziane bei mpaka ikose maana. Hili mnalijua kutoka nyumbani. Kule Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza hati za hewa ya ukaa inayotunzwa na mikoko, na fedha zake zimekwenda kwenye maji na shule za kijiji. Wasini, akina mama ndio wenye ile njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe makavu na mikoko, na kiingilio ni chao. Kuruwitu, wavuvi wenyewe walilifunga eneo lao la bahari samaki wapate kuzaana, na mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kabla hamjaondoka, nendeni Wasini siku moja kama chama. Wasikilizeni wale akina mama wakieleza ni mgeni gani wanayemtaka arudi. Mtajifunza mengi kuliko nitakayoweza kuandika hapa.

Na mtu akiwauzia safari ya Komoro kwa jina la utalii wa mazingira, muulizeni kitanda ni cha nani, nani huamua idadi ya wageni wanaoshuka ufuoni usiku mmoja, na ada inaishia mfuko gani. Mwenye biashara ya haki hujibu papo hapo. Picha za kasa kwenye karatasi ya matangazo si jibu.

Kutoka Itsamia, zungukeni mpaka upande wa kusini, Nioumachoua, penye visiwa vidogo mbele ya kijiji. Hapo ndipo pa kuingia majini. Matumbawe ya ukanda wetu wote yaliumia vibaya joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, yakapauka na mengi kufa, hapa kwetu na kwao pia. Yaliyopona au kuota upya hukua polepole sana, na unyayo mmoja huvunja kazi ya miaka. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kujiokolea, aelee juu na miwani ya majini, asisimame juu ya mwamba hata akichoka. Mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali ya oksibenzoni hudhuru matumbawe, na nyinyi hamna haja nayo. Vaeni dera jepesi au nguo ndefu za kuogelea, yatosha. Makombe msinunue, hasa lile kubwa la baragumu, kwa kuwa mnyama wake ni mmoja wa wachache wanaomla nyota wa bahari mwenye miiba, anayetafuna matumbawe. Kitu chochote cha gamba la kasa ng'amba kimepigwa marufuku kupita mpakani, na forodha ya Kenya itakuwa na haki ya kuwashika.

Karibu na Nioumachoua pana Ouallah, nao wana vibanda vya kijiji. Kilichonivutia mimi huko ni popo wa Livingstone. Ni popo mkubwa mweusi, mabawa yakinyooshwa hufika karibu mita 1.4, na duniani kote anaishi Mwali na Nzwani tu. Huruka hata mchana, akizunguka juu ya mteremko akitumia upepo wa joto kama mwewe. Idadi yake ni ndogo na hatari ya kutoweka ni kubwa, kwa sababu anataka miti mirefu ya asili ya kulala, na miti hiyo inakatwa. Mwongozaji wa kijiji atawapandisha mahali pa kumtazama kutoka mbali. Kupanda huchukua saa kadhaa na njia ina utelezi, kwa hiyo wenye magoti mabovu wabaki na wenyeji wajifunze kupika mkatra wa siniya, mkate wa kwao.

Nzwani nitakipita haraka, si kwa kukidharau. Miji yake ya Mutsamudu na Domoni ina vichochoro na milango ya kuchonga ambayo mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa ataona yuko kwao, na akina mama wake wamejifunga shiromani nyekundu na nyeupe. Lakini kwa safari ya siku kumi, visiwa vitatu ni kujichosha bandarini. Mkienda huko siku nyingine, mtaona mashamba ya mlangilangi, na mtaona vilevile gharama yake: kukeneka mafuta ya maua hayo hula kuni nyingi, misitu imekatwa, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Chupa ndogo ya mafuta nunueni, lakini muulize tanuri linawashwa kwa kuni za wapi. Wako wakenekaji wanaotumia matanuri yanayobana moto, na hao ndio wa kuungwa mkono.

Sasa Ngazija, kwa bibi yako. Kutoka uwanja wa ndege wa Hahaya mtapita juu ya lava nyeusi iliyoganda mpaka baharini. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, bado ni volkano hai. Ngazija haina mto wa kudumu, kwa kuwa mwamba wa lava hunywa mvua yote, na nyumba nyingi huishi kwa birika la maji ya mvua. Volkano ilipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika hayo na watu wakakosa maji safi. Kwa hiyo mkiwa wageni wa mtu Ngazija, maji ya kuoga yatumieni kwa kipimo hata kama mwenyeji kwa heshima hasemi kitu. Kupanda mlima kunataka kulala juu na kubeba maji yote mgongoni. Kwa chama chenu sikupendekezi.

Pangeni siku mbili za kutembea kwa miguu Moroni, Itsandra na Iconi. Msikiti wa kale wa Ijumaa pale bandari ya Moroni ulijengwa mwaka 1427. Iconi husimuliwa habari za wanawake waliojitupa kutoka jabalini wasichukuliwe utumwa na wavamizi kutoka Bukini (Madagaska). Itsandra ndiko alikozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa Unguja. Na Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha wa Lamu tunaouendea kwa maulidi, naye alitoka Ngazija. Madhehebu yao ni Shafii kama yetu, pepo zao ni kusi na kaskazi kama zetu, na Kingazija mtakishika maneno siku ya pili. Ofisini na kwenye mabango ni Kifaransa, lakini sokoni zungumzeni Kiswahili polepole na mtaelewana.

Arusi uliyoisikia ni anda, na bibi yako alikwambia kweli. Mara nyingi si arusi ya kwanza. Mtu na mkewe huwa wamekwisha oana kwa sherehe ndogo, wakazaa, kisha miaka baadaye mume anatimiza anda ya mji. Ni akiba ya miaka mingi, na Wangazija walioko Ufaransa hufanya kazi huko wakiwa na hilo akilini. Kuna zifafa ya kumsindikiza bwana arusi, majlisi ya wasomi, twarabu, ngoma za wanawake peke yao, dhahabu ya bibi arusi, ng'ombe na mchele wa mji mzima. Akiisha kutimiza, mwanamume anahesabiwa mtu mzima wa mji, ana haki ya kuvaa mharuma, shali ya heshima, begani na kutoa neno lake bangwe, baraza la mji. Gharama zake hujadiliwa vikali na Wakomoro wenyewe. Hilo ni lao, wageni tusitie mdomo.

Na hapa kuna jambo linalokuhusu wewe, Mwalimu. Kwa desturi ya Ngazija ukoo hupita kwa mama. Nyumba hujengwa na watu wa mke na ni ya mke, mume ndiye anayehamia, na kuna mashamba yaitwayo manyahuli yanayorithiwa upande wa wanawake. Wewe ni mtoto wa binti wa Mngazija. Watafute wazee wa familia sasa, kabla ya kukata tikiti, uandike jina la mji wa bibi, jina la mama yake, na la dada zake kama yupo anayekumbuka. Ukifika mjini kwao na majina hayo, ukapelekwa kwa mkubwa wa ukoo, mlango utakaofunguliwa hauuzwi na wakala yeyote.

Ndiyo njia pekee ninayoikubali ya kwenda kwenye anda. Mialiko ya kulipia ambayo baadhi ya madalali wanauza ikataeni, maana huwageuza wenye shughuli kuwa maonyesho. Mkialikwa, nendeni kwenye shughuli za wanawake, chukueni leso za Mombasa za kutoa zawadi na noti ndogo ndogo za kutunza. Wanawake humo ndani wamefungua vichwa na wamejipamba, baadhi wamepaka msindzano, unga wa msandali, usoni. Simu zibaki mkobani. Picha ya pamoja nje ya mlango, kwa idhini, itawatosha.

Cha kununua Moroni ni kofia. Wanawake wa Ngazija hushona kofia za mkono ambazo moja huchukua wiki nyingi, nyingine miezi, na hapa kwetu wazee wanazijua bei yake. Nunueni kwa mshonaji mwenyewe, na vanila kwa mkulima.

Mengine kwa ufupi. Njia ya kawaida ni kupitia Nairobi kwa ndege hadi Hahaya. Viza hutolewa mkifika, lakini ulizeni upya ubalozini kabla ya safari. Chukueni kadi ya chanjo ya homa ya manjano na dawa za kujikinga na malaria, kwani ipo. Bebeni yuro taslimu: faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, 1 kwa karibu 492, na kadi ya benki itawasaidia mara chache. Umeme hukatika.

Kuhusu majira, kwa kuwa wewe umefungwa na likizo ya shule, nendeni Agosti. Ni kiangazi, ndio msimu wa anda, na kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi huja na watoto wao maji ya Mwali. Mkiwafuata kwa boti, nahodha azime injini mbali nao na awaache wao wasogee. Ubaya wa Agosti ni mbili: Wangazija wa Ufaransa wanarudi nyumbani, kwa hiyo viti vya ndege hujaa miezi kabla, na kusi linavuma, mkondo kati ya Chindini, kusini mwa Ngazija, na Mwali unachafuka. Boti ndogo za kuvuka hapo zipo kila siku, lakini mimi nawashauri mtafute kiti kwenye ndege ndogo ya kwenda Fomboni, mji mkuu wa Mwali. Mkilazimika kupanda boti, vukeni asubuhi, kila mtu na jaketi lake, na nahodha akisema leo hapana, iwe hapana. Anzeni na Mwali, mmalizie Ngazija, na baina ya kutoka Mwali na ndege ya kurudi Nairobi wekeni siku mbili tupu.

Vibanda vya vijiji ni vichache. Mkishapata tarehe, wapigieni mapema Itsamia na Ouallah muwaambie mko 12, wote wanawake. Huenda wakawagawa, 6 huku na 6 kule, kisha mbadilishane baada ya siku mbili. Kubalini. Kwa kasa na kwa jikoni za wenyeji, ndivyo ilivyo bora.